Programu Mpya na Ng'ombe wa Ayeeyo Shamsa

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kubonyeza kitu chochote. Mkuu wa Kitengo, mtu wa Wajir mwenye ndevu zilizopakwa hina, alinipa kitambaa laini na brashi ndogo, akanionyesha chumba kilichokuwa nyuma ya ofisi za mradi wetu wa mifugo mjini Garissa.

"Fardosa," aliniambia, "hapa adui ni fumbi. Wewe banguza kwanza, halafu tutaongea mambo ya bicha."

Kiswahili alikuwa amejifunzia sokoni, na aliyatamka maneno kwa lafudhi ya Kisomali, kama baba yangu alivyoyatamka. Nilipanguza mpaka adhuhuri. Aliporudi kutoka msikitini alipitisha kidole juu ya mtambo, akakitazama kidole, akatabasamu. "Haya. Sasa umeajiriwa."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kitengo cha Video kilikuwa na watu watatu: Mkuu, mimi mhariri, na Kilonzo, fundi mitambo kutoka Kitui aliyezungumza na mashine zake kama mtu anayembembeleza punda. Tulitengeneza filamu fupi za kuwafundisha wafugaji kuhusu chanjo, kupe na maji safi, kisha tukazipeleka vijijini kwa gari, pamoja na televisheni na jenereta.

Wanaohariri leo kwa simu hawawezi kuamini jinsi tulivyofanya. Tulikuwa na mitambo miwili ya U-matic, kila mmoja mzito kama gunia la sukari, na kaseti zake zilikuwa kubwa kama tofali. Mtambo wa kwanza ulicheza kaseti ghafi, yaani ile iliyotoka kwenye kamera. Wa pili ulirekodi vipande nilivyochagua, kimoja nyuma ya kingine. Ukikumbuka mwishoni kwamba kipande cha mwanzo ni kifupi mno, ulilazimika kurudia vyote vilivyofuata. Ndiyo maana Mkuu alipenda kusimama nyuma ya kiti changu akisema, "Bole bole, mwanangu. Kata kwa kichwa kabla ya kukata kwa mkono."

Alipostaafu, nafasi yake ilichukuliwa na Mratibu, mwanamume mchangamfu kutoka Nairobi aliyekuja na kompyuta. Hiyo ilikuwa neema. Picha sasa ziliingizwa kwenye kompyuta, nikazipanga, nikazihamisha, nikajuta, nikazirudisha, bila kurekodi upya. Lakini nafasi ya kuhifadhia ilikuwa finyu sana. Filamu ikiisha, tulifuta picha zenyewe na kubaki na faili ya mradi tu, ile inayokumbuka kipande gani kilikaa wapi. Ukitaka kuifanyia kazi tena, uliifungua faili hiyo, ukaiwekea kaseti ghafi, na kompyuta ikavuta picha upya.

Filamu ya kwanza niliyohariri hivyo ilikuwa ya Ayeeyo Shamsa. Ayeeyo kwa Kisomali ni nyanya, na eneo lote la Sangailu lilimwita hivyo. Tulimkuta kwake akiwa amesimama katikati ya ng'ombe, mkono mmoja juu ya mgongo wa ng'ombe mweupe. Alieleza mbele ya kamera, bila kuandikiwa neno, jinsi ya kumtenga mnyama mgonjwa na kwa nini mtu asimguse kwa mikono mitupu ndama aliyezaliwa mfu. Tulipoionyesha Masalani, wanaume waliokuwa wamemsikiliza daktari wa mifugo huku wakipiga soga walinyamaza kabisa. Alikuwa mwenzao.

Baadaye Mtaalamu alitumwa kutoka Nairobi kutuwekea toleo jipya la programu ya kuhariri. Alikuwa kijana mpole, alifanya kazi yake vizuri. Aliliondoa toleo la zamani kwa sababu yote mawili hayakutosha kwenye kompyuta, akarudi Nairobi na diski zake. Toleo jipya lilipendeza: maandishi ya rangi, sauti safi, picha zilizoyeyukiana. Mimi na Kilonzo tulilifurahia kama watu waliohamia nyumba mpya.

Kisha mvua zikaja. Mto Tana ulivunja kingo, barabara ya Nairobi ikakatika, na familia zilizokimbia maji zikapiga kambi pembeni ya mji. Baada ya maji ukaja ugonjwa. Ng'ombe na mbuzi walitupa mimba, na watu waliochinja wanyama wagonjwa wakaanza kuanguka kwa homa, wengine wakitoka damu.

Afisa Mifugo aliingia chumbani kwetu buti zikidondosha tope. "Eedo Fardosa," alisema, akiniita shangazi kama walivyozoea, "nataka ile filamu ya Ayeeyo. Ongezeni onyo kuhusu nyama na maziwa mabichi. Ndege inaondoka hapa kwenda vijijini na madaktari wiki hii, na watu hawatamsikia mwingine."

Nilikaa kwenye kompyuta, nikaiita faili ya mradi. Kompyuta ilifikiri, kisha ikaandika kwamba haiitambui. Nilijaribu tena. Nilijaribu nakala yake. Jibu likawa lile lile. Kilonzo aliwasha mitambo yote miwili ya U-matic ili tuanze upya kutoka kaseti ghafi, lakini unyevu ulikuwa umeingia ndani, nayo ikanguruma na kuzima. Kaseti mama, yenye filamu iliyokamilika, ilikuwa Nairobi. Nakala za VHS zilikuwa vijijini, ng'ambo ya maji.

Mratibu alimpigia Mtaalamu simu, kisha akanipa mkono wa simu. Sauti ya Mtaalamu ilikwaruza kwa mbali. "Dada, niliahidiwa kwamba toleo jipya litasoma faili za zamani. Diski za lile la kwanza ninazo hapa mkononi, lakini nitazifikishaje huko?"

Nilimrudishia Mratibu mkono wa simu. Nilitoka nje nikalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kule nje mpishi wa ofisi, Halima, alikuwa anapakia sufuria za chakula cha kambini. Aliponiuliza nikamweleza.

Alishangaa. "Shamsa wa Sangailu? Mbona jana nilimpakulia uji?"

Mimi na Kilonzo tulimkuta kambini, amekaa juu ya gunia tupu, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilimsalimu nikamuuliza hali ya nyumbani. Alimshukuru Mungu kwanza, kama ilivyo adabu, kisha akasema ng'ombe wote wamekwisha. Wengine walichukuliwa na maji, waliobaki wakachukuliwa na ugonjwa. Mdogo wake wa kiume alichinja mmoja wao kabla hajafa, akala, naye amezikwa.

Sikuwa na ujasiri wa kumwomba. Kilonzo ndiye aliyechuchumaa mbele yake, na mimi nikamtafsiria. "Ayeeyo, yale maneno yako ya zamani yamefungiwa ndani ya mashine, tumeshindwa kuyatoa. Unaweza kuyasema tena?"

"Ya zamani siwezi," alisema. "Wakati ule nilisema nilichosikia kwa wazee. Sasa nitasema nilichoona."

Tulimrekodi pale pale kwa kamera ndogo isiyohitaji mtambo wa U-matic. Hakupandisha sauti hata mara moja. Alimtaja ndugu yake, akataja nyama ile, akataja mikono iliyoichuna. Nilihariri katika programu mpya, nikikata pungufu kuliko kawaida, kwa sababu kila nilipotaka kukata niliona ninamkatiza. Ndege ilipoondoka, filamu ilikuwa ndani. Afisa Mifugo aliporudi alituambia kwamba kule Sangailu mtu mmoja alisimama kabla filamu haijaisha, akaenda kuufukia mzoga aliokuwa ameanza kuuchuna.

Mratibu alitupongeza, na mimi nilidhani yamekwisha. Lakini siku chache baadaye Ayeeyo alikuja ofisini kwa miguu. Binti yake wa Wajir alikuwa anakuja kumchukua.

"Ile ya kwanza," aliniuliza, "ng'ombe wangu wamo ndani?"

"Wamo, Ayeeyo."

"Nataka kuwaona kabla sijaondoka."

Nikamtazama Kilonzo. Hakusubiri nimtafsirie. Aliifungua mitambo yote miwili ya U-matic, akaikausha kwa feni, akahamisha mikanda ya mpira kutoka mmoja kwenda mwingine, akasafisha vichwa vya kusomea kwa spiriti, huku akinong'ona, "Mara moja tu, mama. Twende mara moja tu." Mmoja ukafa kabisa. Wa pili ukazunguka.

Sikuihangaikia tena faili ya mradi. Katika filamu ile ya kwanza ng'ombe walionekana nyuma yake kwa ufupi, lakini kwenye kaseti ghafi walikuwa wamejaa: wakinywa, wakisukumana, wakitazama kamera. Mambo hayo ndiyo niliyokuwa nimeyatupa nikiyaona hayana kazi. Niliyaingiza yote kwenye kompyuta, nikayapanga polepole, nikaacha kengele za shingoni zisikike. Sikuweka maandishi wala muziki.

Tulimkalisha kwenye kiti changu. Picha ilipotokea alisogea karibu mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. "Adey," alisema, akimgusa mweupe kwa ncha ya kidole. "Gududo. Huyu ni mama yake. Huyu alikuwa mkorofi." Aliwataja mmoja mmoja kwa majina, na alipocheka sisi tulicheka naye. Ilipoisha alijifuta uso kwa shela yake, akatuombea dua sote watatu, Mratibu akiwa mlangoni, kisha akamfuata binti yake.

Niliendelea na kazi hiyo miaka mingi. Nimehama kutoka kaseti kubwa hadi ndogo, kutoka ndogo hadi diski, na matoleo ya programu nimeacha kuyahesabu. Anayenirithi nimemwambia asiondoe toleo la zamani kabla hajaona jipya likizifungua faili zake, na awe na mtambo mmoja mzima wa kila aina ya kaseti aliyonayo kabatini. Mengine atajifunza.

Siku ya kuniaga, afisa mmoja mgeni aliuliza ni filamu yangu ipi iliyotazamwa na watu wengi zaidi. Nilimjibu ile ya wakati wa mafuriko, na watu wakapiga makofi. Sikumwambia kwamba ninayoipenda kuliko zote ilitengenezewa mtazamaji mmoja tu.