Mama Kanisomea Mita

Leo kivuli changu kimenifanya nimpigie mama simu ya video. Msicheke.

Wiki nzima niko maabara, hapa Mwanza, peke yangu. Nadondosha plastiki maalumu ya kunasa mwanga, iliyoyeyushwa, tone kwa tone, ijaze vitundu vya utando mwembamba juu ya kioo. Ndiyo sola yangu hiyo, ndogo kama kucha.

Leo nimeiweka dirishani. Kila nikiinama kusoma mita inayopima umeme wake, naizibia jua. Namba inashuka!

Na hakuna wa kumwita.

Nikaegemeza simu mbele ya mita, nikasogea pembeni. Mama akasoma, akiwa kwake Nansio.

"Nukta nne... nukta tano! Mwanangu, inapanda!"

Nikaruka.

Halafu wingu zito likafunika jua.

"Sifuri," akasema mama.

"Sifuri," nikarudia.

"Bado sifuri."

Hakuna aliyetaka kukata simu.