Kinanda Kilicholia Msibani

Rosalia alifundishwa kinanda na Sista Yuliana, mtawa wa misheni moja huko kusini, ambako baba yake Rosalia alikuwa akichonga vinyago. Sista hakukaza nyuzi za piano kama mafundi wa siku hizi. Alifuata mtindo wa Ulaya wa miaka mia tatu iliyopita: nyimbo zinazokaa kwenye vitufe vyeupe hutulia, tamu kabisa, lakini ukienda mbali kwenye vyeusi sauti zinagombana hadi piano inalia kama mbwa.

"Waliotunga muziki huu walilijua hilo," Sista alimwambia. "Walipita palipo patamu."

Miaka hamsini ilipita. Rosalia, sasa mjane anayefundisha kinanda na kutengeneza piano Mwananyamala, alikuwa hajawahi kuupiga muziki ule mbele za watu kwa sauti zake halisi. Kanisa moja la Chamazi lilipopewa piano kuukuu na kumwomba aitengeneze, paroko akamruhusu pia apige Jumapili jioni. Alishinda kanisani siku tatu, akikaza uzi mmoja mmoja kwa mtindo wa Sista. Hakumwambia mtu. Kwaya ilikuwa inatumia kinanda cha umeme, kwa hiyo hakuona shida.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa kwaya, Leonardi, akafiwa na mama yake. Misa ya mazishi ikawa Jumamosi, na kabla haijaanza umeme ukakatika. Anna, binti anayeipigia kwaya kinanda, akahamia kwenye piano.

Rosalia alikuwa benchi la tatu. Wimbo wa kuaga aliujua: ulikaa kwenye vitufe vyeusi. Angeinuka tu akamnong'oneza Anna, "Shusha nusu sauti, uhamie vyeupe, mwanangu," yangeisha. Lakini kanisa lilijaa, na kuinuka kulikuwa ni kukiri kosa. Akabaki amekaa.

Piano ikalia. Kwaya ikayumba, waimbaji wa besi wakanyamaza. Nyuma kuna mtu alicheka. Leonardi, kando ya jeneza la mama yake, akainua mkono kumsimamisha Anna, wakamalizia kwa midomo mitupu. Anna akatoka nje analia, huku wanakwaya wakisema hakufanya mazoezi.

Walipotoka makaburini Rosalia alimfuata Leonardi chini ya turubai la msiba.

"Anna hana kosa. Mie ndiye niliyeikaza vile, kwa ajili ya muziki wangu."

"Hukujua kama itatokea hivi?"

"Nilijua. Kabla hajaanza."

"Mama Rosalia, la piano ningelisamehe leo hii. Lakini ulijua, ukakaa. Mama yangu nimemzika mara moja tu."

"Basi waambie wanakwaya kuhusu Anna."

"Kawaambie mwenyewe."

Akawaambia, Jumapili baada ya misa, amesimama mbele yao wote. Jioni ile hakupiga. Alikaa peke yake akizirudisha nyuzi kwenye mtindo wa kawaida, hadi Anna alipoingia.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Huo muziki wenyewe ungesikikaje?"

Rosalia alijaribu mistari miwili, akaacha. "Umechelewa, mwanangu. Nusu ya nyuzi nimeshazigeuza. Sasa haiko kule wala huku."

Anna aliitikia kwa kichwa, akaondoka. Siku hizi parokia humwita fundi mwingine. Leonardi humsalimia Rosalia wakikutana, lakini hasimami.