Karatasi za Kujazia Viatu

Mwishoni mwa miaka ya tisini niliishi Guangzhou, mtaa wa Sanyuanli, nikinunua viatu vya kike na kuvituma Mwanza. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya sita, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama mmoja mwandishi wa riwaya kutoka Meksiko. Nikisimulia hivyo nyumbani, watu huuliza alifuata nini kule. Alifuata mshahara. Alikuwa ameshatoa riwaya tatu, ya kwanza akiwa bado mwandishi wa gazeti la mji wao, na zote, aliniambia, zilisomwa na mama yake na maadui zake. Basi mchana aliwafundisha Kihispania makarani wa kampuni moja ya biashara, na asubuhi kabla ya kazi aliandika ya nne, kwa mkono.

Mimi nina hasira za karibu, na upweke ulizidi kuzichochea. Kutwa nzima nabishana bei, kisha narudi chumbani ambako sina hata wa kumwambia kwamba miguu inaniuma. Wenzangu wa Tanzania walikuja, wakanunua, wakaondoka. Mimi ndiye niliyebaki kusimamia mizigo. Yule mama ndiye aliyekuwa mtu wangu, ingawa tulielewana kwa Kiingereza cha kuokoteza na Kichina cha sokoni. Asubuhi, akikaa mezani kuandika, aligonga ukuta mara tatu. Nami nikajibu mara tatu. Kuna siku sikupata salamu nyingine zaidi ya hiyo.

Sisi watu wa viatu tulikuwa tunatupa maboksi, maana meli inatoza nafasi na boksi linakula nafasi bure. Lakini kiatu kisicho na boksi hubonyea njiani, kwa hiyo kila kimoja tulikishindilia karatasi. Jirani yangu alinisaidia: kila wiki aliniwekea mlangoni magazeti ya zamani pamoja na kurasa alizozikataa. Sharti lake lilikuwa moja tu: nichukue zile zenye alama yake. Ukurasa aliokwisha kuukataa aliuchora mstari mwekundu kutoka kona hadi kona.

Siku ya kufunga kontena, wapakiaji wakinipigia kelele kutoka chini, nilikuta furushi la karatasi limewekwa kati ya milango yetu miwili. Nikalifungua. Ukurasa wa juu haukuwa na mstari. Nikatazama wa pili, nao haukuwa nao. Nikajiambia amesahau kuchora, nikabeba. Hadi saa sita mchana riwaya yake yote ilikuwa ndani ya viatu.

Kumbe alikuwa anaipeleka kupigwa chapa, simu ikalia ndani, akaliweka furushi chini aende kuipokea. Jioni alinibishia hodi, uso umemparama.

“Sister, karatasi zangu. Meiyou?”

“Meiyou,” nikasema. Hakuna. Ndivyo walivyonijibu wenye maduka kila nilipoulizia saizi iliyokwisha, na kinywani mwangu lilitoka rahisi kuliko nilivyotegemea.

Siku tatu tulitafuta pamoja. Nilipekua naye mapipa ya taka ya jengo zima, nami najua fika kontena limeshaondoka. Niliona aibu, lakini zaidi ya aibu niliogopa: nikisema, atanichukia, na nitabaki peke yangu. Siku ya nne hakugonga. Nikagonga mimi. Kimya. Nikagonga tena, nikaweka sikio ukutani kama mwehu. Baada ya hapo tulisalimiana ngazini tu, na haikupita miezi miwili akarudi kwao.

Huko aliandika nyingine, na nyingine tena, mpaka akapata jina. Miaka mingi baadaye nilikuta habari zake kwenye jarida, na picha yake, nywele zimekuwa nyeupe. Walieleza yote: mji wake, gazeti, tuzo. Guangzhou ilipewa sentensi moja, kwamba ni miaka ambayo hakutoa kitabu.

Dada yangu wa Mwanza, ambaye ndiye aliyepokea mizigo, alikuwa amezitoa zile karatasi viatuni, akaona mwandiko mzuri, akadhani ni barua za mtu. Alizinyoosha kwa pasi na kuzitunza kwenye debe. Nilipohamia nyumbani moja kwa moja alinikabidhi. Nikazipeleka kwa padri wetu, ambaye naye ametoka Meksiko, nikamwomba anisomee.

Ilikuwa habari ya mwanamke mgeni anayegonga ukuta kila asubuhi. “‘Jirani yangu ana hasira,’” padri akanitafsiria, “‘lakini katika mji huu mzima ndiye mtu pekee asiyenidanganya.’” Akainua macho, akauliza kama aendelee. Nikamwambia inatosha, Baba.

Alinitafutia anwani ya wachapishaji wake. Nilizifunga zile kurasa kwa kamba, na kabla sijafunga bahasha nikaandika kikaratasi kwa Kiingereza chetu kile kile cha kuokoteza: Hazikuwa na mstari mwekundu. Niliona.