Kiti Kitupu Kwenye Meza Nne

Asubuhi hiyo nilifunga chumba changu Turwa, nikatia kompyuta kwenye begi, nikasimama barabarani bila kujua nitalala wapi. Kwangu hilo si geni. Tangu nilipoacha shule nimekuwa mtu wa kuamka na kuondoka. Ila safari nyingine sikuwa na haraka, na hii nilikuwa nayo: Jumamosi ukoo wa shemeji yangu ulikuwa unakwenda kuzika mgomba.

Shemeji, mume wa dada yangu, alipotea tangu msimu wa mvua. Kuna waliosema alishuka kwenye shimo la dhahabu likaporomoka, na mwili haukuonekana. Wazee wa kwao wakaamua mgomba ufukiwe badala yake, matanga yakaliwe, mambo yaishe. Dada hakutaka.

"Wakishafukia," aliniambia kwenye simu, "hata akirudi kesho, nani atamfungulia mlango mtu aliyezikwa?"

Mimi niliamini yuko hai, lakini sababu yangu haikuwa ya kupeleka mbele ya wazee. Nilikuwa nimemwona akicheza karata.

Tulijifunza poka pamoja, kijijini Kewanja, kwenye chumba chake chenye dirisha linalotazama njia. Poka ya mtandaoni, meza za watu sita. Meza ikiwa na watu wengi unaweza kutulia, ukatupa karata mbaya mpaka nzuri zije. Wakiwa sita, zamu ya kuweka dau la lazima inakurudia upesi, kwa hiyo unapigana hata na karata za hovyo. Tena tulifungua meza nne kwa pamoja, kila moja kwenye kona yake ya kioo. Ukicheza hivyo muda mrefu kichwa kinaacha kufikiri, unabaki mkono peke yake. Hapo ndipo mtu anajulikana, kama unavyomjua mtu kwa mwendo akiwa bado mbali. Mimi nilikuwa mchokozi, naongeza dau kila nikiona upenyo. Yeye jambo rahisi alilifikiria mpaka muda wa kuamua ukakaribia kuisha, na jambo gumu akalimaliza papo hapo. Akiwa wa mwisho kuamua, aliongeza dau karibu kila mara, lakini alisita kidogo kwanza, kama anayekohoa kabla ya kupiga hodi.

Alikuwa na jambo jingine. Kila asubuhi mama yangu alipita njia ile na ndoo ya maziwa kwenda kuuza karibu na mgodi, na alasiri akarudi na ndoo tupu. Kwetu Wakurya, mwanamume na mama mkwe wake hawakutani hovyo. Shemeji akisikia hatua tu, aliinuka, akalipa dirisha mgongo, akasimama akiutazama ukuta. Muda ukaisha, karata zikajitupa zenyewe kwenye meza zote nne. Kazi yangu ilikuwa kuchungulia.

"Ameshashuka?"

"Bado. Anaongea na mtu."

"Mura," akaniita kijana kwa Kikurya, "nina wafalme wawili hapa!"

"Basi toka ukamsalimie."

Alicheka huku uso uko ukutani. Nikisema ameshashuka barabarani, ndipo aliporudi kwenye kiti.

Mimi nilipokwisha kuhamia Turwa, siku moja ya mvua mama aliingia chumbani mle kumtafuta dada. Shemeji alikuwa na taulo tu kiunoni, vipokea sauti masikioni, meza nne mbele yake. Hakusikia hatua. Jambo hilo lina dawa yake: mbuzi anachinjwa, wazee wanakuja, watu wanakula, yanaisha. Mama mwenyewe alilicheka. "Nimeona mgongo tu," alisema, "na mgongo wenyewe mwembamba." Shemeji hakungoja mbuzi. Aliondoka kabla mvua haijakatika, na simu yake haikupatikana tena.

Baadaye mama aliugua, akafariki. Tulimzika nyuma ya zizi. Shemeji hakuonekana msibani, na hilo ndilo lililowafanya wengi waamini shimo limemmeza.

Sasa, wiki ile ya kuzika mgomba, mtu mwenye jina nisilolijua aliketi kwenye meza zangu. Chini ya jina, mahali pa kutaja unakokaa, alikuwa ameandika Serengeti. Sikumjali, mpaka nilipomwona akifikiria jambo rahisi muda wote, kisha jambo gumu akalimaliza papo hapo. Akawa wa mwisho kuamua. Akasita. Akaongeza dau. Nilihisi kama mtu amekohoa nje ya mlango wangu.

Saa ambayo mama alikuwa akipita na ndoo ilipofika, kiti cha mtu yule kikawa kitupu, meza zote nne kwa mara moja. Zamu ikazunguka, akarudi. Alasiri, tena. Nikajiambia mtu anakunywa chai. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Nikaandika kwenye kisanduku cha maongezi: "Shemeji, ni wewe?"

Jibu likaja: "Subiri. Mama anapita."

Niliacha kipanya. Karata zangu na zake zikawa zinajitupa pamoja, na wale wengine mezani wakaendelea kana kwamba sisi wawili hatupo. Aliporudi niliandika tena na tena, hakujibu neno. Nikampigia dada, nikamsomea maneno yale. Akauliza, "Mama yupi?"

Ndiyo sababu ya begi lile barabarani. Nilipata lori la saruji linalokwenda Mugumu, wilayani Serengeti. Tulipopita Kewanja, dada alikuwa kando ya barabara, ameshika simu mkononi. Nyuma yake, ukutani, wazee walikuwa wameuegemeza mgomba waliokwisha kuuchagua. Walikuwa wameuvisha shati la shemeji. Upepo ulipovuma, mkono mmoja wa shati ukainuka. Dereva alipunguza mwendo, akatazama, akakanyaga mafuta bila kuuliza kitu.

Tulivuka daraja la Mto Mara. Sikuwa na kijiji kichwani. Nilijua tu kwamba anayecheza meza nne anahitaji mtandao usiokatika, kwa hiyo nilipoona mnara wa simu nikaomba kushuka. Palikuwa Kenyamonta. Alasiri imetulia, ng'ombe wako mbali malishoni. Nyuma ya duka moja palikuwa na vyumba vya wageni, na mama mwenye nyumba alikuwa akipepeta ulezi uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Chumba?"

"Chumba. Mtandao upo?"

Aliweka ungo chini. "Nyie watu wa kompyuta mmenizukia mwaka huu! Ninaye mwingine, yule wa chumba cha mwisho. Hatoki. Meza ameigeuzia ukutani. Kila asubuhi, na saa kama hizi, anasimama analipa dirisha mgongo, kama mtoto aliyeadhibiwa."

"Nani anapita huko nyuma?"

"Apite nani? Hakuna njia. Ni mtama mpaka kwenye kilima."

Alinipa ufunguo wa chumba kinachopakana na kile. Niliweka begi kitandani, nikampigia dada.

"Waambie wauvue shati ule mgomba."

"Umemwona?"

"Nimepata chumba. Yuko upande wa pili wa ukuta."

Kwa mbali nilimsikia akiwaita wazee, kisha simu ikakatika.

Nilitembea mpaka mlango wa mwisho, nikapiga hodi. Ikaja sauti ya shemeji, ndogo, ya mtu aliyeelekeza uso ukutani:

"Ameshashuka?"

Nilizunguka kona ya nyumba, nikachungulia. Mtama ulikuwa umesimama wima, hakuna upepo. Mstari mmoja tu, mwembamba, ulikuwa unatikisika, bua baada ya bua, kutoka dirishani kwake kuelekea barabarani. Kama ni mbuzi, sikumwona. Niliungoja mtikisiko mpaka ukafika mwisho wa shamba.

Nikarudi mlangoni. Habari za kaburi la mama nyuma ya zizi zingengoja mpaka ameketi.

"Ameshashuka, shemeji," nikasema. "Fungua. Kwenu wanakuzika Jumamosi."

Kiti kilisogezwa. Nikasikia komeo.