Vioo Viwili vya Kheir

Mie sipatani na mtu anayegonga nyundo kabla sijanywa chai. Ndiyo maana na Kheir tumegombana tangu alipokodi ghala la chini ya nyumba yangu, hapa Mkunazini, akaligeuza karakana. Kazi yake ni kutengeneza meza za kujipambia, zile za kioo kikubwa ambazo chumba cha bibi harusi hakikamiliki bila ya moja. Kutwa anapiga randa na kukata vioo, na vumbi lote linapanda kwangu. Nikimpigia kelele dirishani hunijibu, "Naam, Bi Rawiya," kwa adabu zake zote, kisha anaendelea kugonga. Hizo adabu ndizo zinazonichoma zaidi.

Ni mtu wa Matemwe. Mamake alikuwa akilima mwani, na Kheir mwenyewe husema alikimbilia mjini kwa kuwa maji ya magotini hayakumpenda. Sasa anakaa Kikwajuni na mkewe Shadya, mwanamke wa maneno mengi, Mungu alimpa yake na ya mumewe. Shadya akija karakanani lazima apande juu anisalimie, na salamu yake haiishi chini ya vikombe viwili vya chai.

Siku moja alinikuta nalia. Mjukuu wangu Zeyana alikuwa anaolewa Maskati, anakoishi mwanangu Bahiya, na daktari wa moyo kanikataza kupanda ndege. Harusi bila ya bibi, sawa, watu wamezoea. Lakini nyumbani kwetu kila bibi harusi huchorwa hina ya ua moja, linaloanzia kiganjani likapanda mpaka kwenye kifundo cha mkono. Bibi alimchora mama, mama akanichora mie, mie nikamchora Bahiya. Haliko kwenye karatasi, liko mkononi. Bahiya amelivaa, hajapata kulichora. Nikamwambia Shadya, "Nikifumba macho, ua nalo limekwisha."

"Si umfundishe kwa simu ya video, Bi Rawiya! Mkono wangu huu hapa, chora."

Tukajaribu. Shadya akaweka mkono kwenye mto, akamwita Kheir aje ashike simu. Masikini, alihangaika! Macho yangu si ya zamani, nikichora naiinamia kazi mpaka pua inakaribia kuchovya hina. Simu ikiwa juu, Bahiya anaona ushungi wangu. Ikisogezwa karibu, kivuli chake kinaangukia mkono. Ubavuni, anaona vidole vya Shadya na ukuta.

"Mama, nnaona kichwa tu," alisema Bahiya.

Nikakata simu kwa hasira. Kheir alibaki anatazama ile nafasi ndogo baina ya kichwa changu na mto. "Kamera si lazima iwe juu," akasema. "Kioo ndicho kiwe juu." Akashuka.

Siku zile hakugonga sana. Akaja na kisimamio cha mbao, na kioo chembamba kimefungwa juu, mbele ya mto, kimeinama kidogo kama mtu anayeanza kurukuu. Simu ilisimama pembeni, mbali na kichwa changu, inatazama kile kioo, nacho kinatazama mkono kutoka juu. Loo! Kiganja cha Shadya chote kikaonekana, na mistari yake. Nilimwombea dua papo hapo, akaona haya.

Tukampigia Bahiya. Nikatia kijiti cha ukuti kwenye hina, nikaanza jani la kwanza. Mara nikasikia kwikwi ya kilio.

"Mama, mkono wako wa kulia umefanya nini?"

"Umefanya nini tena? Si huu hapa, nachora."

"Unachora kwa kushoto! Mama, umepatwa na kiharusi, mnanificha!"

Nnakwambieni, hapakuwa na la kumwambia akasadiki. Mwanangu ananijua: mie nimchoree bibi harusi hina kwa mkono wa kushoto? Mkono wa msalani? Kwake hilo halina maana ila moja tu, kwamba wa kulia umekufa. Nikainua mkono wa kulia kwenye kile kioo, yeye akaona wa kushoto, ndiyo kwanza akazidi kulia. Akasema harusi inaahirishwa, anakuja Unguja. Ukumbi ushalipiwa, wageni washaalikwa! Ikabidi Shadya aichomoe simu kwenye kisimamio, animulike uso kwa uso, nichezeshe vidole vya kulia mbele yake kama mtoto wa chuo cha Kurani anayehesabu, ndipo Bahiya akashusha pumzi.

Kheir nikamgeukia. Nilimwambia maneno ambayo hayaandikiki. Mtu kutwa yuko na vioo hajui kama kioo kinageuza?

"Nnajua, Bi Rawiya," akasema, kainamisha kichwa. "Lakini nshazoea. Karakanani kila kitu nakiona kimegeuka, siku hizi sikioni tena." Shadya akacheka mpaka hina ikaharibika. Nami, japo nilijizuia, nikacheka.

Shadya akasema ziko njia za kuigeuza picha ndani ya simu. Labda ziko, lakini kwenye ile video ya moja kwa moja hatukuziona, na mie sikutaka filamu ya kutumiwa. Nilitaka Bahiya akikosea nimwone, akiuliza nimjibu. Kheir akasikiliza, akasema, "Basi kiongezwe cha pili. Kilichogeuzwa na kimoja, kitarudishwa na mwenzake."

Kioo cha pili akakitia mbele ya simu, kikielekeana na kile cha kwanza. Mkono unakwenda kwenye kioo cha juu, unarukia cha pembeni, ndipo unaingia kamerani. Safari hii alinijaribisha mwenyewe kwanza: akaniambia nichukue tende nile. Kwenye simu nikajiona nakula kwa kulia kama Muislamu. Alhamdulillahi.

Siku ya hina, Bahiya kakaa Maskati na mkono wa Zeyana mapajani, mie Mkunazini na mkono wa Shadya. Nikichora jani, naye anachora jani. "Usibane, mwanangu, ua linapumua hapo," namwambia, naye anafuta anarudia. Huko nyuma wanawake wanapiga vigelegele. Likapanda, likapanda, mpaka kifundoni. Zeyana akaviinua viganja vyake kwenye simu, na ua lilikuwepo. Si langu hasa, la Bahiya limenenepa kidogo, lakini ni lenyewe.

Kheir, aliyekuwa anangoja nje ya chumba, akabisha hodi aje kufungua vioo vyake. Nikavuta mkono.

"Mama," Bahiya akasema, "usiuondoe. Miaka sijauona mkono wako. Acha niutazame."

Nikaurudisha juu ya mto, na mishipa yake na hina yake. Nikamwambia Kheir, "Mwanangu, Mungu akupe kila la kheri. Usiguse kioo."