Sweta la Majua Mekundu

Fundi wa sokoni Babati anapochoma ncha za uzi wa sufu kwa kiberiti, harufu ile ya nywele zinazoungua hunirudisha jikoni kwetu.

Mama alikuwa amenifumia sweta lenye majua mekundu, akiyaiga kutoka kwenye sketi ya ngozi ya bibi, mama yake baba, iliyojaa shanga. Baba alikuwa ameokoka karibuni. Akaniona nimelivaa.

"Unamvika mtoto mizimu?"

"Hiyo sketi ni ya mama yako. Shanga zote alizishona mwenyewe."

Baba alinivua kwa nguvu hadi masikio yakaniwaka, akalitupa sweta kati ya mafiga, akaitungua sketi ukutani na kuitupa juu yake. Mama akaingiza mikono yote miwili motoni. Baba akampiga teke la mbavu, akaongeza lingine. Mama hakulia wala hakuachia. Sketi iliteketea. Sweta lilitoka nusu, likifuka moshi.

Kesho yake asubuhi mikono ya mama ilikuwa imefungwa vipande vya khanga. Baba alikuwa mezani anakunywa chai. Mama akanisogezea sindano za kufumia kwa kiwiko.

"Kaa hapa, mbele ya baba yako," akasema. "Mimi nataja mishono, wewe unafuma. Tunaanza na jua."