Mikono Chini ya Rangi

Tsevelmaa anafagia jengo la wachoraji hapa Ulaanbaatar, ngazi na vyumba vyote, na mwaka ule alikubali kukaa achorwe. Tumbo lilishakuwa kubwa. Mimba mbili za kabla zilitoka, na hakubaki na kitu cha kuonyesha kwamba ziliwahi kuwepo, hata picha ya simu. Hii ya tatu aliitaka ionekane. Basi.

Mama yake alipiga simu anafoka. "Tumbo halionyeshwi ovyo, wewe! Utamwita asiyeitwa."

"Mama, ni rangi tu."

"Rangi tu, rangi tu. Haya."

Mchoraji alikuwa Luvsan, kijana mwembamba anayeishi kwa tambi za mfuko. Hana hela ya turubai jipya, kwa hiyo alikuwa ananunua picha kuukuu sokoni na kupaka juu yake. Nusu ya wachoraji wa mjini wanafanya hivyo, wanajifanya tu hawafanyi.

Picha ilianza vizuri. Tsevelmaa ameketi, vifungo vya joho lake la bluu vimefunguliwa, tumbo limejaa mwanga. Wiki ya pili akainua macho kutoka kwenye bakuli la chai ya chumvi, akaona kidole kwenye lile tumbo la kwenye picha. Cha kijivu.

"Mdogo wangu, hicho umechora wewe?"

"Kipi?" Luvsan akasogea. "Aa, hicho. Picha ya chini inapenya. Rangi ya juu ikiwa nyepesi, ya zamani inachungulia."

"Inachungulia nini kwangu?"

Akacheka, akakifunika kwa brashi.

Kesho yake vilikuwa vidole vitano. Siku iliyofuata ilikuwa mikono miwili, viganja juu, chini kabisa ya tumbo, kama mkunga anayesubiri.

"Ni nani huyo uliyemnunua?"

"Mwanamke fulani. Usoni sikumwangalia, dada, nilikuwa na haraka."

"Mtoe."

Luvsan akachukua kisu cha rangi akaanza kukwangua. Hapo ndipo alipoharibu. Kisu kilikuwa kinatoa rangi yake mwenyewe, ile mpya, na kila alipokwangua ile mikono ikazidi kuwa wazi. Kucha zikaonekana. Na Tsevelmaa akashtuka: mtoto, aliyekuwa anampiga mateke asubuhi nzima, ametulia tuli.

"Acha."

"Bado kidogo tu, dada..."

"Nimesema acha, mbwa wewe!"

Akainuka na tumbo lake hadi kwenye jiko la chuma pembeni, akachovya vidole kwenye masizi ya bomba. Watoto wa huku wakitolewa nje gizani hupakwa masizi kwenye paji la uso, ili kinachowatafuta kidhani ni sungura. Yeye hakungoja mtoto atoke. Alipaka tumbo lenyewe, kwenye picha, doa jeusi kubwa juu ya mwanga wote ule.

"Hapa hakuna mtoto," akaiambia picha. "Hapa kuna sungura. Tena kamekonda, hakana nyama."

Luvsan kashika kichwa. "Umeniua! Maonyesho ni wiki ijayo!"

Tsevelmaa alisimama, kiganja ubavuni, anasikiliza. Ukapita muda mrefu mno. Kisha teke moja, dogo, kushoto. Kisha lingine. Akakaa sakafuni akalia kwa sauti.

Picha ilienda kwenye maonyesho na doa lake. Wajuaji wakasema doa ni moshi wa makaa wa jiji, doa ni uchungu wa mwanamke wa leo. Upuuzi mtupu. Hakuna aliyeinunua, na kila aliyemaliza kuisifia alirudi nyuma kidogo.

Mtoto alizaliwa hai. Msichana, mnene, kelele tele.

Sasa ana miaka minne. Picha bado iko kwa Luvsan, imegeuziwa ukutani. Masizi hayashiki vizuri kwenye rangi ya mafuta, yanapukutika, kwa hiyo Tsevelmaa akishafagia ngazi hupita kuyarudishia. Humwacha msichana chini kwa mlinzi.

"Umekuja kumlisha sungura wako?" Luvsan humtania. Lakini picha anaigeuza huku anaangalia dirishani.

Juzi alichoka. "Dada, tuichome hii, tumalizane nayo."

"Uichome?" Tsevelmaa alikuwa bado anapaka. "Na mwanangu yumo mle, juu ya ile mikono?"